Mama Volti na Mita Iliyojua Sifuri Tu

Mimi ni wifi mtu, na sitajitetea. Kaka yangu alipokuja nyumbani kutuambia kwamba anaoa msusi, nilikaa kwenye kiti cha marehemu mama, nikakunja mikono, nikaanza kutafuta kasoro kabla hata sijamwona huyo bibi harusi. Binadamu asiye na dosari hajazaliwa, nilijiambia, ni kuchelewa tu kuiona. Nikachelewa miaka miwili mizima. Msusi wa watu anaamka mapema, anawaheshimu wakwe, na mkono wake mwepesi mpaka mtu anasukwa kichwa kizima huku anasinzia. Nilishakaribia kukata tamaa. Halafu mchana mmoja nikaingia saluni kwake bila hodi, nikamkuta amempa mgongo mteja aliyekuwa chini ya draya. Alikuwa ameinamia meza, anaunga waya kwa chuma cha kulehemu, na mbele yake kuna kichupa cha kioo kinachowaka namba saba.

"Hiki nini, wifi?"

"Taa ya namba."

"Ya kazi gani?"

Akafikiri kidogo. "Ya kuwaka," akasema.

Nilifurahi moyoni, sitaficha. Kasoro nilikuwa nimeipata.

Kwa asiyezijua taa hizi, nieleze kama nilivyoelezwa mimi, mara arobaini na bila kuomba. Ni kichupa cha kioo, kimo chake kama kidole gumba, chini kina miguu ya waya. Ndani yake zimepangwa namba kumi za waya mwembamba, moja nyuma ya nyingine, kuanzia sifuri mpaka tisa, kama sahani kabatini. Ukipeleka umeme kwenye saba, saba inavaa mwanga wa rangi ya chungwa, na zile tisa nyingine unaweza kuapa hazimo. Zamani zilifungwa kwenye mitambo ya maabara na viwandani. Kisha vikaja vioo vya kisasa, dunia ikazitupa, na wifi yangu akaanza kuziokota.

Yote yalianzia kwenye boksi la chuma. Mteja wake mmoja, karani wa maabara iliyokuwa inahama, alikuja kusukwa akiwa njiani kwenda kulitupa, akaliacha pale saluni. Kaka yangu akalifanya kizuizi cha mlango. Likazuia mlango miezi mitatu, mpaka siku ambayo wateja walikuwa wachache na msusi wetu akalichomeka kwenye umeme ili aone litasema nini. Likawaka namba nane. Alilitazama muda mrefu, mpaka mama aliyekuwa chini ya draya akapiga kelele kwamba masikio yanaiva.

Kuanzia hapo hakukuwa na dawa. Akajifunza kwenye simu, kwa video alizozizima sauti ili asiwasumbue wateja, akisoma midomo ya watu wa lugha asiyoijua. Taa hizi zina kiburi. Umeme wa chaja ya simu hauziamshi, zinataka volti mia na sabini hivi, umeme wa kumwangusha mtu. Kwa hiyo akaanza kutengeneza kifaa cha kuupandisha umeme mdogo wa volti kumi na mbili ufike huko juu. Kilimchukua miezi saba. Kifaa cha kwanza kilitoa moshi, cha pili kikapasuka, na cha tatu kikampiga shoti mpaka kitana kikaruka kikaangukia mapajani mwa mteja. Hapo ndipo alipojiwekea sheria yake: akigusa kitu chenye umeme, mkono wa kushoto unakaa mfukoni mwa aproni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kifaa cha nne kikafanya kazi. Alikifunga ndani ya bati la biskuti lililotobolewa matundu, na wateja wakambatiza Mama Volti.

"Watu wanaoa mke," kaka yangu alikuwa akisema, "mimi nimeoa kituo cha umeme." Kaka ni dereva wa gari la mikate, na utani wake wote una umri wa mkate wa jana.

Vifaa alinunua mtandaoni, kwa watu asiowajua, katika nchi ambazo hawezi kuzitamka. Karani wa posta alimzoea. Alikuwa akimpigia simu, "Mama, mzigo wako umefika, na safari hii haulii," maana yake ameutikisa na hakusikia vipande vya kioo. Taa sita za kwanza alinunua kwa babu mmoja wa mbali sana. Zilifika zimevishwa soksi za sufu, kila taa na soksi yake. Wifi akaziwasha namba moja moja, na alipofika tano akashtuka. Ile tano haikuwa tano, ilikuwa mbili iliyopinduliwa kichwa chini! Na zote sita zilikuwa hivyo hivyo.

Nilikuwepo siku hiyo, na naungama kwamba nilimchochea. "Umepigwa, wifi. Andika. Tapeli haonewi haya." Akaandika malalamiko marefu, mimi nikiwa nyuma ya bega lake namwongezea makali. Baada ya siku tatu jibu likaja. Yule babu alikuwa amelipitisha kwenye mashine ya kutafsiri: "Mama mheshimiwa, tano si mgonjwa. Tano alizaliwa hivyo." Kumbe kiwanda cha zamani kilikuwa kinatumia umbo moja kwa namba mbili, mambo ya kubana matumizi. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, akamwomba babu radhi, na tangu hapo wakawa wanaandikiana kama mtu na mkwewe. Mimi sikuomba radhi.

Kwa taa zile alitengeneza saa ya ukutani, na inasoma saa za kwetu: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, si sita. Mwaka ulipopita akataka kubadilisha mpangilio, akaichukua ile taa ya kwanza kushoto, ambayo kazi yake yote ilikuwa kuonyesha sifuri na moja, akaiweka upande wa dakika. Loo! Nane ilitokea imeliwa kiuno. Tisa ilikuwa na mabaka kama mwenye ukurutu. Akamwandikia babu, na babu akajibu kwa kile Kiswahili chake: "Namba asiyefanya kazi anaumwa. Jirani akiwaka, vumbi la chuma linamwangukia. Mpe kazi nzito, atapona." Wifi akazipa zile namba umeme mwingi kuliko kawaida, moja baada ya nyingine, kila moja ikawaka kutwa nzima peke yake. Zikapona.

Sasa nije kwangu. Ninafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye mashine ya kukata karatasi. Tuko watu kumi na mmoja. Mashine yetu kubwa ya kuchapa ni kongwe kuliko nusu yetu, na begani ina boksi la chuma tunaloliita mita, linalohesabu kila karatasi inayopita. Mita ile ina tarakimu tano, na tarakimu zake ni taa za namba. Ndiyo, zile zile! Nilizitambua siku ile ile nilipoiona saba ya saluni, na nikanyamaza miaka mitano. Ningesema, mwanamke yule angehamia kiwandani kwetu na godoro.

Anayeendesha mashine hiyo ni Mzee Rimu. Tulimwita hivyo kwa sababu anaweza kuhesabu karatasi mia tano kwa kidole gumba akiwa anaongea na wewe mambo mengine. Kazi yake ina utaratibu mmoja tu: mita ikifika mia tano, ambayo ni rimu moja, anabonyeza kitufe, namba zinarudi sifuri, rimu inatolewa, anaendelea. Mia tano, kitufe. Miaka thelathini na moja.

Mwaka jana ikaja barua ya ofisi ya mitihani. Walitaka karatasi za majibu elfu arobaini, na baada ya hapo kazi kila muhula. Sharti lao lilikuwa kwamba hesabu isomwe kwenye mita ya mashine yenyewe, bila kurudishwa sifuri katikati, ili isipotee hata karatasi moja. Kwanza mkaguzi angekuja kushuhudia jaribio la karatasi elfu kumi mfululizo. Bosi alitukusanya akatusomea barua, kisha akavua miwani.

"Sitawaficha," akasema. "Kazi zimekauka. Hii tukiipata, tumepona. Tukiikosa, mwisho wa mwezi nafunga upande wa kukata."

Upande wa kukata ni mimi na wenzangu wanne. Nikauona unga wangu unamwagika mbele ya macho yangu.

Alasiri hiyo hiyo Bosi akamwambia Mzee Rimu apitishe mia tano bila kubonyeza, tuone. Tukaona. Kwenye mamia, sita ilitokea ina mabaka na saba imekatika shingo. Ilipofika elfu moja, mahali pa moja pakatokea kijiti kifupi chini, na juu yake ukungu tu. Fundi umeme wa kiwanda, tunayemwita Fundi Tayari kwa sababu husema "tayari" kabla hajaanza, akatazama sekunde tano.

"Zimekufa hizi. Tayari."

Kiwanda kilichozitengeneza kilishafungwa. Mtandaoni zilikuwepo za aina ile, ila zilihitaji wiki sita kufika, na mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku kumi.

Nilitembea hadi saluni huku nimemeza kiburi, na kiburi changu ni kikubwa, hakishuki kirahisi. Wifi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu.

"Wifi, taa ya namba ikionyesha kijiti badala ya moja, imekufa?"

Vidole vyake vikasimama. "Umeona wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwako kuna taa za namba?"

Nikatazama sakafu. "Tano."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaolewa."

"Makubwa!" akasema yule aliyekuwa anasukwa.

Wifi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimaliza kichwa cha mteja, akanawa mikono, akachukua bati lake la biskuti. "Nipeleke," akasema.

Tulimkuta Fundi Tayari ameshika koleo, yuko tayari kuing'oa ile taa. "Usiguse!" Wifi alipiga ukelele mpaka mashine ya kufunga vitabu ikazimwa. Miguu ya taa ile imeshikwa na kioo, akamweleza, ukiipindisha kioo kinapata ufa, hewa inaingia, na hapo ndipo inakufa kweli.

"Huyu nani?" Bosi akauliza.

"Wifi yangu."

"Ni fundi?"

"Msusi."

Bosi akainua macho darini. Wifi alikuwa ameshaisogelea mita, anaichungulia kwa kioo cha kukuzia. Alimuuliza Mzee Rimu swali moja tu.

"Mzee wangu, mita hii imewahi kupita mia tano?"

"Haijawahi, mwanangu. Mia tano, kitufe. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Basi hazijafa. Zimekosa kazi." Akahesabu kwa vidole. "Ile ya kwanza kushoto haijui kitu ila sifuri. Ya pili pia. Ya tatu imeishia tano. Ya pili ndiyo yenye mzigo, namba tisa zote zinaumwa, na kila moja inataka siku yake. Nipeni siku tisa."

"Na zikipita siku tisa bado ni vijiti?" Bosi akasema.

"Utaagiza zile za wiki sita."

Bosi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. "Anza," akasema.

Mita ikashushwa ikawekwa juu ya meza yangu, na Mzee Rimu akarudia kuhesabu kwa kidole gumba. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kufungua saluni, wifi alikuwa langoni. Aliingia, mkono wa kushoto mfukoni, akahamisha waya wa bati lake kutoka namba ya jana kwenda namba ya leo, akalipima kwa kipimo chake, akaondoka. Ile taa ya kwanza aliiacha kwenye moja siku zote. Umeme ulikuwa mwingi kuliko ule uliozoeleka, lakini si mwingi wa kuunguza. "Dawa ya moto ni moto," alimwambia Fundi Tayari aliyekuwa anatikisa kichwa, "ila inapimwa kwa kijiko."

Siku ya kwanza wenzangu walicheka. Siku ya pili walipita wakitupia jicho. Siku ya pili jioni, ile mbili ya maelfu iliyoamka kipande tu ilikuwa imeota kiwiliwili. Sikuamini, nikamwita mama wa kufunga vitabu aje aone, naye akawaita wengine. Siku ya tatu nilipofika nilikuta watu wanne wananisubiri mezani, hata hawajavaa aproni.

"Leo zamu ya nani?"

"Ya tatu."

"Anaendeleaje?"

"Kalala vibaya, ana baka mgongoni."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa kabati la vikombe wakaanza kuulizana hali ya namba. Mama wa kufunga vitabu aliipenda nne, akawa anaipungia mkono akipita. Mimi mwenyewe, mdomo huu huu uliouliza "ya kazi gani," nilianza kufika mapema.

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, umeme ukakatika. Tulidhani utarudi. Kisha ikaja taarifa kwamba transfoma ya mtaa wetu imeungua, matengenezo ni siku mbili. Nikampigia wifi.

"Wifi, tumekwisha."

"Bati langu linakunywa volti ngapi?" akauliza.

"Mimi nijue wapi?"

"Kumi na mbili. Na gari lina betri ya volti ngapi?"

Kabla sijajibu alishakata simu ampigie mumewe. Baada ya nusu saa gari la mikate liliegeshwa chini ya dirisha letu, boneti wazi, na waya mbili zikaingia dirishani mpaka mezani kwangu. Sita ikawaka tena. Kaka alikaa ndani ya gari, injini ikinguruma ili betri isife, kiwanda kizima kikanuka mkate. Siku mbili alifanya hivyo, kila akishamaliza kugawa mikate, na mwenye gari akipiga simu kaka alikuwa kwenye foleni. Foleni ndefu sana.

"Ukiniona hapa," aliniambia kutoka dirishani, "usidhani napenda kazi yako. Namwogopa mke wangu." Lakini nilimwona, mara tatu, ametoa kichwa nje kuitazama ile namba.

Siku ya tisa, tisa ikawaka safi, mviringo na mkia. Taa ya pili ilikuwa imepona yote. Ya tatu ilikuwa imepona tangu siku ya nne. Ilibaki ile moja ya taa ya kwanza. Siku zote tisa ilikuwa imewaka karibu bila kupumzika, na bado ilikuwa imekatika ncha ya juu. Wifi aliiangalia sana. Alinivuta pembeni.

"Nyingine zote nazidhamini," akasema. "Hiyo sina hakika nayo. Naiacha mpaka asubuhi, halafu mtaifunga. Mkiifunga itaonyesha sifuri, hatutaiona tena mpaka elfu kumi."

Nilitaka kumwambia maneno ya kumtia moyo. Nilichosema ni, "Usije ukanitia aibu." Hata leo najichukia kwa maneno hayo.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene na mkoba uliojaa fomu. Saa nne kamili akaketi mbele ya mita, kalamu mkononi. Namba zote sifuri. Mzee Rimu akawasha mashine, naye amevaa shati la sikukuu. Mia moja. Mia mbili. Wifi alikuwa amekuja mbio kutoka saluni, amesimama mlangoni na mafuta ya nywele mikononi. Mia nne. Mia nne tisini na nane, tisa, mia tano.

Mkono wa Mzee Rimu ukainuka wenyewe, ukabonyeza kitufe.

Sifuri tano.

Mazoea yana taabu. Mzee Rimu aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mungu wangu," akasema, "nimefanya nini?" Alizima mashine, akakaa kwenye lundo la karatasi, na machozi yakamtoka mtu mzima mbele ya watu. Bosi alimwomba mkaguzi, akamsihi, akamwita dada, akamwita mama. Mkaguzi aliangalia saa yake.

"Nitarudia mara moja," akasema. "Moja tu."

Mashine ile haiendeshwi na mwingine, hakuna anayeijua. Bosi akataka kubandika karatasi juu ya kitufe, mkaguzi akakataa. Mashine ifanye kazi kama ilivyo, isibandikwe kitu wala kufungwa kitu.

"Na mtu akisimama mbele yake?" nikauliza.

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kusimama hakujakatazwa."

Basi nikasimama. Nikajiweka mzima mzima kati ya Mzee Rimu na kile kitufe, nimeipa mita mgongo, nayo ikionekana juu ya kichwa changu, na mimi si mwembamba, namshukuru Mungu. Mashine ikawashwa. Ilipofika mia tano mkono ukaja, nikaupokea. Ilipofika elfu moja ukaja, nikaupokea. "Samahani, mwanangu," alisema Mzee Rimu. "Bila samahani, mzee, wewe endesha." Kwa muda wa saa mbili na nusu nilisimama pale, na mara kumi na tisa niliushika mkono wa mzee yule, mara nyingine kwa upole, mara nyingine nikiupiga kofi kama wa mtoto sukarini.

Mimi mita sikuiona. Niliona nyuso za watu. Kila elfu walikuwa wanataja kwa sauti moja, "Elfu mbili! Elfu tatu!" na mama wa kufunga vitabu alipiga kigelegele nne ilipopita safi. Sita, saba, nane. Ilipofika elfu tisa wakaacha kupiga kelele. Elfu tisa na mia tano, nikaupokea mkono kwa mara ya mwisho, na safari hii sikuuachia. Nikamtafuta wifi. Alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti cha mkaguzi, macho hayapepesi.

Halafu nikaona uso wake unabadilika. Sikujua unabadilika kwa heri au kwa shari. Nikatazama miwani ya mkaguzi, na ndani ya kile kioo kinene nikaziona taa tano za rangi ya chungwa, zimegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia: sifuri nne, na mwisho wake moja. Ilikuwa moja ndefu, nzima, na ncha yake ya juu ipo.

Kelele iliyopigwa hapo ilifika barabarani. Bosi alimkumbatia Fundi Tayari, Fundi Tayari akamkumbatia kaka yangu aliyekuwa amepanda dirishani. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake ya mafuta, analia na kucheka. Nilimshika mabega nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti yangu yote, kwamba siku ile nilisema ujinga, na kwamba kaka yangu hakuwahi kufanya jambo la akili maishani mwake isipokuwa kumwoa yeye.

Mkaguzi alisubiri tutulie, akaendelea kuandika. "Mita imehudumiwa hivi karibuni?"

"Imehudumiwa," akasema Bosi.

"Na mtaalamu wa fani gani?"

"Andika fundi um..." Bosi akaanza, na Fundi Tayari akawa ameshanyoosha kola.

"Andika msusi," nikasema.

"Wifi, nyamaza," akaninong'oneza msusi mwenyewe.

"Sinyamazi. Msusi wa nywele, mama. Huyo hapo nyuma yako."

Mkaguzi aligeuka akamtazama, aproni, mikono na yote. Kisha akaitazama mita, na ile moja bado imesimama pale inawaka. Akaandika herufi kwa herufi: msusi. Akafungua mkoba, akatoa muhuri, akagonga.

Bosi aliipokea ile fomu kwa mikono miwili. Aliisoma mpaka mwisho, akakohoa, akanigeukia mimi niliyekuwa bado nimesimama na wifi.

"Na wewe unangoja nini?" akasema. "Karatasi elfu kumi hizo, nani atazikata?"

Nikaenda kwenye mashine yangu nikaanza kuzikata, nalia kwa sauti, na kila rimu niliyoiweka chini ya kisu ilinijia nzito na nzuri mikononi.